Mtihani Ndani ya Eda

Kiponda, Mji Mkongwe,
Zanzibar.
Jumapili, 4 Agosti 2024

Mpendwa Shangazi Khairat,

Shikamoo, na assalaamu alaykum warahmatullah.

Natumai barua hii itakukuta mzima, magoti yamepoa, na joto la Maskati halijakumaliza pumzi. Baba Ayoub jicho lake linaendeleaje tangu kupasuliwa? Mwambie asilalie upande ule, na matone ya dawa asijitilie mwenyewe. Mumeo hana shabaha tangu ana macho mawili mazima, sembuse sasa.

Sisi huku, kwa afya, hatujambo. Mtoto tumboni anapiga mateke hasa wakati wa adhana ya Alasiri, sijui anataka kuswali au anataka kula. Miguu yangu imevimba kidogo, lakini presha najipima mwenyewe na iko sawa. Hayo ni ya mwili. Ukiniuliza moyo, Shangazi, hapo sina jawabu zuri la kukupa.

Utashangaa kwa nini nakuandikia karatasi wakati simu ipo. Nyumba hii unaijua. Chumba changu na ukumbi vimetenganishwa na mbao tu, na mama mkwe wangu, Bi Sichana, masikio yake hayana uzee. Nikizungumza na wewe huwa yupo upande wa pili anachambua mchele. Ndiyo maana kila ukinipigia nakujibu alhamdulillahi, alhamdulillahi, mpaka nahisi nimekuwa muongo. Abrahman, yule mtoto wa mjomba, anasafiri kuja huko Jumatano, na nimemwomba aje kuichukua barua hii akupe mkononi mwako, si kwa mtu mwingine.

Basi nakueleza. Mtihani wa leseni ya uuguzi ni Jumamosi ya tarehe 17 mwezi huu, ukumbini huko Mbweni. Unakumbuka mwaka jana nilianguka kwenye hesabu za dozi, nikakulilia kwenye simu. Nimepewa nafasi moja ya kurudia, ndiyo hii. Nikiikosa, sitakaa tena mtihani mpaka nirudi darasani upya, na kwa mtoto mchanga, bila ya mume wangu Mjaka, Mungu amrehemu, huko kurudi darasani ni maneno ya kujifariji tu. Kuna kituo cha afya kule shamba, upande wa kaskazini, wameniwekea nafasi. Bi mkubwa wa kituo amenipenda tangu nilipokwenda kufanya mazoezi, lakini ameniambia wazi: ulete leseni, ama nafasi nimpe mwingine. Hana kosa. Wagonjwa hawasubiri mambo yangu.

Na mimi nimo ndani ya eda ya kufiwa, sitoki nje.

Eda yangu, kwa kuwa nina mimba, inakwisha siku nitakayojifungua, na hiyo ni mwezi wa tisa Mungu akipenda. Wala usidhani nikizaa mapema ndiyo nimeokoka. Nikitoka kwenye eda naingia kwenye arobaini ya uzazi. Bi Sichana ameshaweka mkaa, mafuta ya nazi na kanga ya kunifunga tumbo. Yaani natoka chumba hiki naingia chumba hiki hiki, tofauti yake ni kwamba nitakuwa nimebadilishiwa shuka.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Kuna siku nilikaa hapa nikaanza kuhesabu: nikijifungua leo, mtoto atakuwa na uzito gani, mapafu yake yatakuwa yamekomaa kiasi gani. Mimi nimefanya kazi wodi ya wazazi, najua uchungu unavyoletwa kwa dawa. Nikajikamata nafikiri hivyo kana kwamba namfikiria mgonjwa wa kitanda cha pembeni, si mwanangu. Niliogopa, Shangazi. Nilijiogopa mimi mwenyewe. Nikashika tumbo nikalia mpaka yeye ndani akatulia. Huko ndiko nilikofika, ujue unamsomea mtu gani barua yake.

Shemeji yangu Kheir, ndugu mkubwa wa marehemu, alinionea huruma akaenda kumuuliza Sheikh Usi wa msikiti wa hapa nyuma. Sheikh Usi hakusita. Alisema mwenye eda akiwa na haja ya kweli anaruhusiwa kutoka mchana, kwa adabu yake, bila ya kujipamba, na alale nyumbani kwake. Kheir akarudi na furaha, akasema gari anayo, atanipeleka mimi na Radhiya mwenzangu wa chuo asubuhi na kuturudisha kabla ya magharibi. Bi Sichana alikuwa anapepeta mchele. Hata ungo hakuuweka chini. Akamwambia, "Sheikh Usi hakumzaa Mjaka."

Kheir akatoka na ufunguo wake wa gari, na mimi nikabaki nyuma ya mbao zangu.

Usinifikirie kwamba ananitesa. Nikisema hivyo nitakuwa mkosefu wa fadhila. Ananipikia, ananichemshia maji ya kuoga, nguo zangu nyeupe za eda anazifua kwa mkono wake, hataki hata nijifulie. Ila kuna vitu vyake sivielewi. Kwa mfano kila akipika wali anakwangua ukoko wote, anautia sahani ya peke yake na kuufunika, na hataki mtu auguse. Juzi nilinyoosha mkono nikachukua kipande, si unajua mimba inavyotamani, akanitazama mpaka nikakirudisha. Jioni akawapa kuku wa jirani. Nikasema moyoni, haya, kuku wana bahati kuliko mimi.

Na kichekesho kikubwa ni wageni. Wanawake wanakuja kunikalisha eda, wananipa pole, wanasoma dua, wanakunywa kahawa. Baada ya hapo mmoja anafunua mguu. Bi Mwanapili wa nyumba ya chini amenipakatisha kisigino chake chenye kidonda, mara hii ya ngapi sijui, nikakisafisha na kukifunga. Mwingine anataka presha, mwingine ana mjukuu hapati choo. Bi Sichana mwenyewe ndiye anayewapitisha: ingieni, nesi yumo ndani! Nesi yumo ndani, kweli, lakini mtihani wa kumfanya awe nesi uko nje, na huko nje hatakiwi kwenda. Nimecheka peke yangu, halafu kicheko kikageuka.

Kusoma nasoma kwa kuibia. Unakumbuka kile kikapu cha kamba tunachoteremsha dirishani kupandishia mkate wa boflo kutoka dukani. Radhiya alikuwa akija asubuhi ananitilia karatasi za maswali chini ya boflo, mimi navuta. Nilikuwa naziweka chini ya godoro, nazisoma Bi Sichana akenda kuoga. Mwanamke mzima, mjane, mja mzito, naficha karatasi kama mtoto wa skuli.

Ijumaa nilichelewa dirishani kwa sababu mgongo ulikuwa unaniuma, akakivuta yeye. Kusoma hajui, lakini zile picha za moyo na mishipa alizijua ni za nini, maana Mjaka alikuwa akizitandaza ukumbini usiku kucha akinisikiliza. Alikuja nazo mlangoni, boflo mkono mmoja, karatasi mkono mmoja. Nilidhani atazichana. Aliniambia kwa sauti ya chini tu, "Mtihani huo ushanilia mwanangu mmoja. Hautonilia wa pili." Akaziweka juu ya kitanda, zimenyooka vizuri, akaenda zake jikoni.

Wewe unajua Mjaka alikufa kwa ajali ya vespa, lakini sidhani kama nimewahi kukueleza alikuwa anatoka wapi. Alikuwa anatoka Mbweni. Alikwenda kunichukulia kadi ya mtihani. Mimi siku ile nilikuwa natapika, akaniambia lala, kadi ni karatasi tu, hata fundi umeme anaweza kuibeba. Ilikuwa siku yake ya mapumziko ya kazi ya umeme hotelini. Pale njia ya uwanja wa ndege, kabla ya Kiembesamaki, gari ikatoka bila ya kutazama. Askari walileta viatu vyake, simu, na kadi yangu. Kadi haina hata mkunjo.

Niliposikia maneno ya Bi Sichana nilikasirika, sitakuficha. Nilitaka kumwambia, Mjaka alikuwa wako peke yako? Yeye ndiye aliyekuwa akinisomea maswali kila siku baada ya isha, akiyavunja yale majina ya dawa mpaka nacheka, kisha anakataa kuendelea mpaka nimjibu. Majibu mengine alishayajua kuliko mimi. Alisema siku nitakayopata leseni atanivika yeye mwenyewe ile sare nyeupe na kunipitisha Darajani sokoni ili wauza samaki wanione. Kama siendi, Shangazi, basi alikwenda bure. Alitoka nyumbani akafa kwa ajili ya karatasi ambayo haikutumika. Mimi siwezi kuishi na jambo hilo, na siwezi kumlea mwanawe nalo.

Mlango haujafungwa kwa ufunguo. Naweza kushuka ngazi siku hiyo nikaondoka. Lakini hii ni nyumba yake, na mimi nataka radhi yake, sitaki kumwibia siku moja na kuipoteza miaka. Tena mtoto huyu asizaliwe akisemwa. Unajua watu: mjane mwenye mimba kaonekana Mbweni, kafuata nini? Na nikipata kazi, siku za zamu ya usiku, nani atamshika mtoto kama si bibi yake?

Basi nakuomba, Shangazi wangu, kwa haki ya ulezi wako. Huko mna masheikh wakubwa wa kwetu waliohamia. Nenda kwa mmoja, aandike fatwa kwa mkono wake na muhuri, uipige picha umtumie Kheir amsomee mama yake. Bi Sichana amemzoea Sheikh Usi, anamwona akinunua ndizi. Wa mbali huenda akamwogopa. Bi Sichana anakuheshimu tangu alipokuja kuniposa kwako mtaa wa Amani mkakaa mpaka usiku mkizungumza. Ukimpigia na fatwa mkononi, labda. Sina njia nyingine. Nimeomba mpaka sina maneno mapya ya kuombea.

Naiacha hapa kwa leo, Bi Sichana amerudi.


Jumanne, asubuhi

Shangazi, ningechana karatasi ya juu nikaanza nyingine, lakini nimeiacha uone nilivyokuwa. Ile fatwa niliyokuomba, usihangaike nayo. Si sheria inayotuzuia. Nimelijua jana.

Jana walikuja wanawake watano kutoka Tumbatu, jamaa zake Bi Sichana mwenyewe, wengine hawakuwahi kufika tangu msiba. Wamepanda ngazi zile za mawe wakihema, wakaniingilia chumbani mmoja mmoja. Kila mmoja alinishika mikono, pole mwanangu, Mungu akupe subira, Mungu akutulizie moyo. Mmoja alilia hasa, machozi yake yakanidondokea mapajani. Bi Sichana alikuwa anapita na sinia la kahawa. Kila mmoja alichukua kikombe chake akasema ahsante. Hakuna aliyemwambia kitu kingine. Yule aliyelia alimuuliza kama sukari ipo.

Nilikuwa namtazama mkono. Sinia lilikuwa linatikisika, vikombe vikigongana polepole, na yeye akalikamata kwa mikono miwili akaendelea.

Hapo nikaanza kukumbuka. Matanga yaliondolewa siku ya tatu, Bi Sichana akasimama siku hiyo hiyo akaingia jikoni, kwa sababu kuna mwenye eda ndani na wageni watakuja. Mimi nimepewa chumba, nguo nyeupe, watu wa kunibembeleza, na miezi ya kulia. Mama hana eda. Mama ana siku tatu, kisha apike. Tangu hapo kila anayepanda ngazi hizi anakuja kwangu. Yeye ndiye anayemfungulia mlango.

Nilisubiri wageni watoke. Akaja kuchukua vikombe. Nikamwambia, "Mama, pole."

Akasema, "Pole ya n'ni? Vikombe tu hivi."

Nikamwambia, "Ya Mjaka."

Akaliweka sinia chini, akakaa juu ya mkeka, Shangazi. Sijamwona akikaa mchana tangu tulipozika. Hakulia kwanza. Alianza kuniambia mambo ya Mjaka ambayo mimi sikuyajua hata chembe. Kwamba alimzaa miguu ikitangulia, na mkunga akakata tamaa. Kwamba Mjaka akiwa mdogo aliifungua redio ya mama yake vipande vipande kuona mtu anayezungumza amejificha wapi, na redio ile haikusema tena mpaka leo, lakini hakuitupa, ipo kwenye sanduku. Na kwamba wali hakuwa akiula, alikuwa akitaka ukoko. Akitoka skuli, hata salamu hatoi, anauliza, "Mama, umenikwangulia?" Na alipokua na kuoa na kufanya kazi hotelini, kila mchana alikuwa akipita kwanza jikoni kwake. Mimi mkewe nilidhani anakwenda kumwamkia tu.

"Mkono unakwangua wenyewe," aliniambia. "Nkishamaliza ndo nnakumbuka."

Ndipo akalia, na mimi nikalia, na mtoto akapiga teke kubwa mpaka Bi Sichana akaliona juu ya nguo. Akaweka kiganja chake pale. Alikiacha mpaka adhana ya Alasiri.

Mtihani sikuutaja. Nakuapia sikuutaja. Aliponyanyuka, akachukua sinia lake, akafika mlangoni, akasimama amenipa mgongo. Akauliza, "Njia ya kwendea Mbweni ndo ile ile moja?"

Nikamwambia, "Ipo nyengine, Mama. Ya kuzungukia Mazizini."

Akaenda jikoni kuosha vikombe, na tangu hapo hajasema zaidi. Usiku mzima nimelala macho wazi nikiligeuza neno lile. Huenda amekubali. Huenda ameuliza tu, ajue. Mimi sina ujasiri wa kumuuliza, nikimsukuma naogopa atarudi nyuma. Jumamosi ya wiki ijayo inakuja, na mimi sijui kama nitakuwa kwenye kiti ukumbini au kwenye kitanda hiki.

Kwa hiyo ombi langu nimelibadilisha. Ukiipata barua hii, nakuomba umpigie simu Bi Sichana. Si mimi, yeye. Usimtajie mtihani, usimtajie Sheikh Usi, wala usiniombee ruhusa. Mpe pole ya mtoto wake. Muulize habari zake alipokuwa mdogo, mwache aseme, hata kama maneno ni yale yale na simu inakula vocha. Nisamehe nikikuambia hili, maana wewe ni mkubwa wangu: tangu msiba umepiga simu mara nyingi sana, na kila ukipiga unaniulizia mimi. Hata mimi, ninayelala ukuta mmoja naye, nimechelewa kuliona. Nimesomea kumtazama mgonjwa, na aliyekuwa akinihudumia sikumtazama.

Akikubali niende, nitakwenda na Radhiya kwa njia ya Mazizini, kwa nguo zangu hizi hizi za eda na buibui juu, kadi mkononi, na kabla ya magharibi nitakuwa nimerudi chumbani. Akikataa, sijui. Nimejaribu kuandika sentensi ya kumalizia hapo na sikuipata. Niombee tu, Shangazi, kila ukisujudu, unitaje kwa jina.

Mwambie Baba Ayoub namsalimu sana na jicho lake. Wasalimie wadogo zangu wote, na Mmanga umwambie kile kitenge alichoniletea nakihifadhi, nitakivaa nikitoka ndani. Kheir anakusalimu. Bi Mwanapili wa chini anakusalimu, kisigino chake kinapona. Bi Sichana hajui kama nakuandikia, kwa hiyo salamu zake nazitoa mimi kwa niaba yake, na nadhani hatonikasirikia.

Mwenyezi Mungu akupe umri wenye afya, akuzidishie, na akukutanishe na mjukuu wako huyu ukiwa mzima. Amrehemu Mjaka wetu, na mama yake amtulize, na mimi nisimsahau tena. Amin.

Wako akupendaye, uliyemlea ukamkabidhi Bi Sichana,

Bashira

Naongeza hapa pembeni, maana bahasha nilikuwa sijaigundisha. Mchana huu Bi Sichana amepika wali. Amekwangua ukoko, akautia kwenye sahani ile ile, akaja nao chumbani ameufunika kwa kawa. Akauweka mbele yangu, akakaa kwenye mkeka kunitazama. Aliniambia, "Kula. Huko mtihanini hukai na njaa." Nimeula wote, Shangazi.